Taulo Lilikuwa Begani Mwangu

Nina umri wa miaka sitini na tisa, karani mstaafu wa reli, mkazi wa Buruburu. Kwa miaka mingi nimefundisha ndondi katika ukumbi mmoja wa mtaa. Jina langu lifichwe, maana huku tunajuana.

Kijana ninayemzungumzia nitamwita Musa. Ni kibarua wa kiwandani, anaishi Mukuru kwa Reuben na mama yake, na sijapata kufundisha bondia bora kuliko yeye. Mwaka jana, Jumamosi mchana, alipigana na kijana wa Kware. Raundi ya pili ilipokwisha, alirudi kwenye kona jicho limefumba, damu ikimtoka sikioni. Akaniambia, "Kocha, sioni. Imetosha."

Nilimzaba kofi. Nilimwambia kwamba sifundishi waoga. Taulo lilikuwa begani mwangu. Ningalilirusha ulingoni, pambano lingalikwisha. Kengele ikalia, nikamsukuma arudi.

Alipigwa taya, akapigwa mbavu, kisha akapigwa kichwani mfululizo akiwa ameegemea kamba, mikono imemlegea. Jino lake liliangukia karibu na kiatu changu. Mpinzani wake mwenyewe alimgeukia refa akimwomba asimamishe. Musa alizirai siku tisa.

Sasa anavuta mguu, na mkono wa kushoto unamtetemeka. Raundi ile haikumbuki, wala lile kofi. Kila jioni huja kwangu kunisimulia jinsi ambavyo angeshinda. "Ningeweka mkono wa kushoto juu tu, Kocha, ningemlaza. Yule alikuwa mboga." Pambano hubadilika kila siku, na kila siku anashinda. Katika masimulizi hayo yote mimi ni mwalimu mwema, nampangusa damu. Mama yake huniletea visamaki vya omena na kunishukuru kwa kumkimbiza mwanawe hospitali.

Mimi nami nina pambano langu. Nikinyoa ndevu, nikiwa kanisani, nalirusha lile taulo. Nimelirusha mara nyingi mno, na kila mara Musa hushuka ulingoni akinikasirikia, mzima.

Juzi alikuja na glavu mpya. Yule wa Kware, ambaye hajamwona tangu siku ile, amekubali marudiano, Jumamosi ijayo. Daktari alikwisha kutuonya kwamba pigo jingine la kichwa litamuua. Nikamkataza. Akacheka, akaniambia nisiwe na wasiwasi: "Kosa lilikuwa mkono tu, Kocha. Nimesharekebisha." Nisipomsimamia, anasema, amekwisha kupata kocha mwingine.

Hatasikia la daktari. Lakini akijua kwamba aliomba kuacha, kwamba kosa halikuwa mkono wake bali mimi, huenda akaziweka chini glavu hizo. Huenda pia akanipiga, na sitajikinga. Ninachokiogopa ni kumwona mama yake mlangoni baada ya hapo.

Kesho jioni atakuja. Nishaurini, nyote mnaosoma: nikishamkaribisha akaketi, nianze kwa neno gani?