Sahani ya Salimu

Binti yangu yuko mapumzikoni, hoteli ya kifahari kwenye milima ya theluji. Juzi alinitumia picha za mikahawa ya hoteli hiyo. "Baba, tumeshindwa kuchagua. Leo tule wapi?" Katika picha moja mhudumu alibeba sahani chini ya mfuniko wa fedha. Nikalikumbuka kawa la ukindu la mama yangu.

Nilikuwa mtoto, tukiishi ugenini ng'ambo ya bahari, kijiji cha Birkat al Mauz, chini ya jabali. Mfereji wa falaji ulinong'ona, migomba ikanukia udongo mbichi, na baba alishatandika mkeka kivulini. Mama akakataa.

"Tule kule juani, karibu na barabara. Salimu akipita atuone."

Salimu, kaka yangu mkubwa, alibaki Unguja sisi tulipohama, atufuate baadaye. Basi tukala wali wa nazi juani, na vumbi juu yake. Sahani yake mama aliifunika kawa, kama kila siku. Kila gari ilipovuma nilisimama.

"Baba, yumo humu?"

"Kula, mwanangu," alijibu, akageuza uso. Nilidhani jua linamuumiza macho. Kumbe habari ya kifo cha Salimu ilikwisha kumfikia, na ulimi ulimwia mzito kumwambia mama.

Jioni kawa lilifunuliwa. Wali ulikuwa umepoa, umeganda. Mama akasema, "Kesho, inshallah." Alisema hivyo mpaka alipokufa.

Binti yangu alikuwa bado anangoja jibu. Nikamwandikia: "Kaeni mle popote, mwanangu. Hatuna tena wa kumngoja."