Sauti Niliyokuwa Namwekea

Hapana, hiyo siifanyi siku hizi. Najua utaniuliza, kila mtu huniuliza, ndiyo maana nakujibu mapema. Sauti ya pastor nitakufanyia. Ya askari wa kambi hapa Lanet nitakufanyia, vile anasimama kwa kibanda changu kifua mbele, "Mathe! Viazi! Haraka!", kama ni viazi vimevamia nchi. Hata ya yule broka anatuletea gunia za viazi kutoka Mau Narok, na maneno yake matamu, "Mama yangu, hii ni shangi safi, haina maji, ukiichemsha inacheka yenyewe." Hizo zote chukua. Lakini ya msichana wangu, hapana. Hiyo iliisha.

Mimi sikusoma. Haya yanaandikwa na mtu mwingine, mimi naleta mdomo tu. Lakini mdomo Mungu alinipa mkubwa. Toka niko mtoto, huko kwa nyumba za reli ambapo baba alikuwa anafanya kazi, nilikuwa nikisikia mtu asubuhi, jioni niko naye kwa koo. Siku moja nilifanya sauti ya mkubwa wa baba, na kumbe mkubwa mwenyewe amesimama nyuma yangu. Nilichapwa. Nikalia na sauti yake.

Msichana wangu nilizaa huyo mmoja. Alikuwa anapika kwa hoteli ya Salgaa, zile za madereva wa malori. Huko mtu haongei polepole. Lori zinanguruma nje, jikoni ni moshi, kwa hivyo sauti yake, vile mimi naikumbuka, ilikuwa nzito, imekwaruzwa kama sufuria. Akija nyumbani anatuongelesha kama tuko ng'ambo ya barabara. "Mathe! Chai iko?" Na magoti yetu yanagusana! Namwambia, "Wewe, mimi si dereva, mimi nilikuzaa." Anacheka mpaka anakohoa.

Hiyo kukohoa ndiyo siku moja haikuisha. Mapafu. Siku kumi kwa hospitali, halafu basi. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Akaniachia kasichana kake ka miaka mitatu, bado kananyonya kidole.

Siku ya kumtoa mochari, walifungua sanduku nimwone. Nikaangalia. Uso umefura, wamempaka poda ya mtu mwingine, mdomo umefungwa vile hakuwanga anafunga. Mama mmoja wa kanisa alikuwa amenishika mkono. Nikamwambia, "Huyu si wangu. Wametupatia wa wenyewe." Akasema, "Mama, tulia." Nikasema, "Nimetulia, lakini huyu si wangu." Ikabidi wainue mkono wake wanionyeshe kovu ya mafuta ya mandazi, hapa kwa kifundo. Nilimjua na kovu. Uso nilikataa, kovu ikanishinda.

Sasa tuko kaburini. Pastor amechukua maikrofoni, na wewe unajua akishika hiyo kitu. "Dada yetuuu, siku ile, atapewa mwili mpyaaa! Bila doa! Bila kovuuu!" Watu wote amina, amina. Mimi sikusema amina. Nilikuwa nawaza, ukimtoa kovu, nitamjua na nini?

Hiyo ikanikalia kama mfupa wa samaki. Sikuwa nashindana na Mungu. Mbinguni naamini, naamini mpaka leo. Lakini watu ni wengi huko, toka Adamu, wote wameoshwa, wote wanang'aa, wote nguo nyeupe. Hapa tu kwa soko la Nakuru nilishapotezana naye akiwa mdogo, na alikuwa amevaa sweta nyekundu.

Pastor alipokuja kunitembelea nikamwekea chai na ngwaci, viazi vitamu. Nikamwambia, "Pastor, mimi macho yangu mabaya."

"Mama, utapewa macho mapya."

"Haya, nimepewa. Namwangalia. Hana kovu, hana moshi, uso ni mpya. Nitamjua na nini?"

Akaweka kikombe chini. Ni kijana mzuri, hakunicheka. Akasema, "Mama, hata Mariamu, pale kaburini, macho haikumsaidia. Alidhani Yesu ni mtu wa shamba. Alimjua vile alimwita jina."

Halafu akaangalia saa, alikuwa na mkutano wa harusi. Simlaumu. Alinipa kile alikuwa nacho kwa mfuko. Ni mimi nilienda nikakifanya nyumba.

Kwa sababu usiku huo nililala, mara ya kwanza toka mazishi. Sauti! Si hiyo ndiyo kazi naijua? Uso watabadilisha, kovu watatoa, lakini ataniita na nitageuka. Mimi sikuwa na shida. Shida ni yule mdogo. Mtoto wa miaka mitatu husahau. Atakua, atazeeka, atakufa mzee kuliko mama yake, afike huko kwa mlango, msichana wa miaka ishirini na sita amsimamie amwite, na yeye apite kama anapita mgeni. Hiyo nilikataa. Nikasema, huyu mtoto nitamwekea hiyo sauti, hata mimi nikitangulia ataikuta ndani yake.

Basi kila jioni, saa kumi na moja, karai ya maji iko tayari nje, nasimama, navuta kifua, naita na sauti ya mama yake, vile alikuwa anamwita kuoga, "Mrembo wa Salgaa! Maji imeiva!" Anatoka mbio kwa majirani. "Tena, kukhu! Fanya tena!" Kukhu ndiyo nyanya kwa watu wetu.

Namuuliza, "Huyo ni nani?"

"Ni mami!"

"Akikuita huko mbinguni utamwambia nini?"

"Nakuja!"

Na anakuja kweli, ananirukia kwa tumbo, nusura tuingie kwa karai sisi wawili.

Alivyokua akaanza kuomba mengine. "Kukhu, mami anasema aje? Nimekuwa wa tatu." Nikimpongeza na hiyo sauti, analala na ripoti chini ya mto. Alipoona damu mara ya kwanza akaogopa, ni hiyo sauti ilimweleza. Alipodanganya ameenda kwaya na hakuenda, ni hiyo sauti ilimgombeza, na mimi mwenyewe nikamwachia mama yake kazi. Nilimfanya msichana wangu aongee maneno hakuwahi kuongea. Alikufa mdogo, nikamzeesha mdomoni mwangu. Si unajua sahani ya bati yenye maua? Unaiosha kila siku kwa upendo, na ni kuosha kunatoa maua.

Miaka kumi na tatu.

Mwaka huu, likizo ya Agosti, mjukuu wangu yuko form three, mrefu, anainama akiingia kwa mlango wangu. Kuna mama alipika na mama yake huko Salgaa. Sijui alitoa wapi namba ya mtoto, akamtumia video ya zamani, siku walimkatia mwenye hoteli keki jikoni, chapati ziko motoni. Mimi sikuwa najua hiyo. Mimi nilikuwa nje kwa kibanda nachagua viazi, natoa zile za kijani, na mama mmoja mteja amesimama hapo anangoja.

Nikasikia mwanamke ndani ya nyumba. Sauti nyembamba, juu juu, ya haraka, inajicheka. "Wee, kata keki, chapo zinaungua!" Kicheko. Tena, "Kata keki, chapo zinaungua!"

Nikainua kichwa. "Mgeni gani huyo ameingia bila salamu? Ana sauti kama kifaranga amenyeshewa!" Na wewe unanijua. Nikaishika hapo hapo, mara moja, sawa kabisa, na shingo nikaichezesha. "Wee, kata keki, chapo zinaungua!" Mteja akacheka mpaka akashika nguzo. Nikaona amefurahi, nikaongeza. "Chapo zinaungua! Chapo zinaungua!" Nikaita ndani, "Mwambie akuje nje tumwone, ama anaogopa viazi?"

Mjukuu wangu akatokea mlangoni. Simu mkononi. Hakuwa anacheka. Nikadhani ni aibu ya mgeni, nikataka kumchangamsha, nikavuta kifua na ile yetu, ile nzito, "Mrembo wa Salgaa! Maji imeiva!"

Hakusema nakuja. Aliniangalia mpaka mteja akaachilia nguzo. Halafu akasema, polepole, vile mtu anamwambia mzee ambaye amepotea njia:

"Kukhu, hakuna mgeni. Huyo ni mami, na hukumjua."