Kishikio cha Mzee Bayingana

Wananchi wa Kigali, wa vilimani na wa mabondeni, mnatangaziwa kwamba asubuhi ya Jumamosi hii viwanda vya kesho vimewasili rasmi katika njia panda ya Sonatubes. Vimewasili, vimekohoa mara moja, vimezimika.

"Usianze," Winifred anaiambia mashine. "Jana nilikusamehe. Leo hapana."

Winifred ni fundi wa mashine za fotokopi. Nyuma ya duka lake, mezani, kuna printa aliyoiunda mwenyewe kwa mota na fimbo za chuma za printa zilizokufa. Hii haichapi karatasi. Inayeyusha uzi wa plastiki na kuujenga tabaka juu ya tabaka hadi kitu kizima kitokee. Siku nyingine huwa kifuniko cha blenda au kitufe cha kuwashia jiko.

Leo ni kishikio cha kikombe. Anayekisubiri amekaa pembeni ndani ya suti ya kijivu: Mzee Bayingana, aliyekulia Karagwe, ambaye tangu augue kiharusi vidole vyake vya mkono wa kulia havikunjiki vizuri. Mchana huu wakwe wanakuja kwake Masaka kwa sherehe ya gusaba, kumposa mjukuu wake Trinah. Yeye ndiye msemaji wa familia. Atapokea kinywaji chao na kukinywa mbele ya watu wote.

"Nikinyweshwa kama mtoto, nani atasikiliza maneno yangu?" anauliza. "Na nimewaandalia maneno makali, mwanangu. Lazima watoke jasho kabla hatujampa binti."

"Mkono wa kushoto je, Muzehe?"

"Kushoto, kwa wakwe? Bora nibaki hapa na fotokopi zako."

Mwandishi wa makala haya, aliyeruhusiwa kuinamia mashine ili aone vizuri, anaandika huku akitafuna.

Kwenye kioo kidogo namba za joto zinarukaruka: mia mbili, arobaini, mia mbili tena. Kisha mashine inasimama, kioo kikiendelea kuwaka.

"Imeungua?" Mzee anauliza.

"Ingeungua ingekuwa baridi." Winifred anasogeza kiganja karibu na ncha inayoyeyusha plastiki, bila kuigusa. "Hii ni ya moto kabisa. Anayedanganya ni kipima joto."

Anaupapasa waya wa kipima joto taratibu, kama mtu anayetafuta jipu. Kila anapoukunja pale unapojikunja kichwa kinachobeba ncha kikienda na kurudi, namba inaanguka. Waya umekatika kwa ndani, ganda lake zima. Anaunga mwingine. Namba zinatulia.

Kishikio kinaanza kuota. Kufika katikati, kinapinda kama ngazi.

"Kichwa kimepona," anasema Winifred. "Sasa ni miguu."

Kwa springi ya kibanio cha nguo anaukaza mkanda unaovuta kichwa. Anaanza upya. Kinapinda tena, palepale.

Simu inalia. Ni Trinah. "Fundi, gari linakuja kumchukua Babu. Yuko tayari?"

"Mwambie dereva anywe chai kwanza."

Anakata simu, anazima umeme, anafumba macho. Kwa kidole kimoja anakisukuma kichwa kwenye fimbo yake. Kinateleza, kinateleza, kinakwama. Anafumbua macho, anainama, anabandua kitu kidogo chekundu.

Ganda la karanga.

"Msinitazame mimi," anasema Mzee Bayingana. "Meno ya karanga niliyaacha Karagwe."

Winifred analiweka ganda mezani. "Tutaongea baadaye."

Mashine inaimba tena, safari hii bila kujikwaa. Akiitazama, Winifred anasema kwa sauti ya chini: "Mama yangu alinyweshwa uji mpaka mwisho. Kila kijiko kikija, alikuwa anafumba macho. Si kwa maumivu. Kwa aibu."

Anataka kuunda mashine ya pili. Pale Mzee anapofanyia mazoezi ya mkono kuna wenzake wengi, na kila mkono umepinda kivyake. "Kijiko cha dukani hakimjui mtu," anasema. "Mimi nitawapima mmoja mmoja."

Nje honi inalia. Kishikio kimekamilika, bado kina uvuguvugu. Winifred anakifunga kwenye kikombe, anamimina maji, anarudi nyuma hatua moja. Hamsaidii.

Mkono wa Mzee unaingia. Kikombe kinapanda, kinatetemeka, kinafika. Anakunywa yote, kisha anafuta masharubu kama mtu aliyekwisha kushinda hoja.

"Waje sasa."

Mlangoni anageuka. "Wewe mwandishi. Kwenye gazeti umesema nini kimeharibu mashine?"

Mwandishi anasoma alichoandika: mkanda mkuukuu.

Winifred analinyanyua ganda la karanga na kumwekea juu ya ukurasa.

Basi isahihishwe, kwa heshima zote za gazeti hili: mkanda hauna kosa. Karanga zilikuwa za mwandishi. Ametubu, na amepewa kazi ya kumbebea Mzee kikombe hadi Masaka, mifuko yake ikiwa imekaguliwa kwanza.