Viti Mbili za Msimu wa Maua

Paswadi ya anti ya akaunti ya ndege ilikuwa kwa grupu ya familia kabla mimi hata nijue maili za ndege ni nini. Aliituma hapo katikati ya picha ya ng'ombe wa mjomba na maombi ya asubuhi, akasema mwenye anaelewa haya mambo aingie atafute viti mbili za kwenda Uholanzi, yake na ya shosho, mama yao. Mjomba akajibu amina. Mimi nikajibu niachieni, hiyo ni kazi yangu.

Na ilikuwa kazi yangu kweli. Niko na saiba hapa Lanet, chumba moja na kompyuta nne. Najazia watu maombi ya pasipoti, naprinti programu za matanga, nafufua simu zenye zimeanguka kwa choo. Hakuna mtu alinifundisha. Kompyuta ya kwanza niliifungua na bisibisi nikitafuta mahali kelele ilikuwa inatoka. Hivyo ndio nimeumbwa: kitu ikinikataa, ndio naifuata zaidi.

Huyo anti ni dada mdogo wa mamangu, na ukimwongelea vibaya mbele yangu tutakosana, hata kama wewe ni mteja na bado hujalipa. Alianza kazi kwa shamba ya maua huko Naivasha akipanga shina kwa urefu, akapanda, akapanda, mpaka kampuni ikaanza kumtuma Uholanzi kusikiliza wanunuzi wakilalamika. Alikuwa anaona uwanja wa ndege, hoteli na ukumbi wa mnada, basi. Kumbe kila safari ilikuwa inamwekea maili, kama zile pointi za supamaketi. Siku moja akaletewa ujumbe ati zisipotumika kabla ya katikati ya mwaka zinafutwa.

Mtu mwingine angeenda Dubai akanunue viatu. Anti alifikiria shosho.

Shosho anakaa Kamere, karibu na ziwa. Yeye pia alipakia maua miaka mingi, mpaka magoti ikakataa. Na miaka hiyo yote alikuwa na swali moja, alituuliza mpaka tukazoea: hizi maua zote zinaenda kwa nani? Kwa sababu kwetu maua ni ya kusindikiza maiti. Aliona malori yakiondoka kila siku yamejaa, akahesabu kwa akili yake, akaniuliza nikiwa mdogo, "Kwani huko watu wanakufa hivyo?" Anti alipomwonyesha kwa simu picha ya bustani moja ya huko, maua inaitwa tulipu, nyekundu mpaka macho inachoka, shosho alishika hiyo simu hadi ikazima. Akasema anataka kuona na macho yake, kabla magoti iamue ingine.

Shida ni kwamba hiyo bustani hufunguliwa wiki chache tu, karibu na Pasaka, na hapo ndio dunia yote inataka kwenda, na hapa shule zimefungwa. Shida ya pili, shosho hawezi kwenda peke yake. Hajawahi kupanda ndege, na Kiingereza yake inaishia kwa "good morning" na "rijekti," ile maua yenye imekataliwa. Kwa hivyo ni viti mbili, ndege moja, msimu wa maua. Ikikosekana, maili zinafutwa, na magoti ya shosho haingojei mwaka mwingine.

Nilidhani maili ni kama pesa: uko nazo, unanunua. Kumbe sivyo. Ndege hutenga viti kidogo tu za watu wa maili, na msimu ukichemka wanakaza mkono. Ukiingia kama mwenye pesa, nafasi iko. Ingia kama mwenye maili, ndege ile ile, siku ile ile, imejaa. Hiyo ilinichoma. Nikapigia kampuni ya ndege simu, nikamuuliza dada mwenye alipokea kama anti yangu akisafiri kwa maili anapitia mbingu ingine. Aliniacha nimalize. Alafu akasema, na sauti ya mtu amezoea wakali, "Dada, hizo viti hufunguka na kufungwa. Endelea tu kuangalia."

"Nani anazifungua?"

"Ni system."

"Na system inaambiwa na nani?"

Akacheka kidogo. Hasira ikanitoka hapo hapo, kwa sababu nilisikia hajui, na hata yeye sasa anataka kujua.

Basi nikaingia huko ndani. Kila asubuhi kabla wateja waanze kunisumbua nilikuwa nasoma kwa mtandao watu wa nchi za mbali wakijadiliana viti za ndege vile watu wa Olenguruone wanajadiliana bei ya viazi. Nikajifunza usitafute Ijumaa wakati kila mtu anatafuta Ijumaa. Nikajifunza kukata safari vipande, kipande cha kwanza peke yake, cha pili peke yake, ndio uone ni wapi imekwama. Nikajifunza ukikosa ya moja kwa moja, pitia nchi za Waarabu, unaweza kupata dirisha. Nikapata dirisha, nikaituma kwa grupu. Lakini kila mara kiti ilikuwa moja.

Hiyo moja ndiyo ilinitesa. Ilikuwa na tabia. Naweza kufungua naona mbili, nikibonyeza imebaki moja. Saa ya chai ya asubuhi hata hiyo moja inapotea. Baadaye kidogo inarudi, kama paka. Kitu yenye imenunuliwa hairudi, si ndio? Kwa hivyo kuna mtu alikuwa anaichukua na kuiacha, kuichukua na kuiacha. Nilibadilisha kompyuta. Nikabadilisha laini. Nikamshuku jirani mwenye tunatumia naye waifai, nikamuuliza uso kwa uso, mpaka leo ananisalimia akiangalia ukuta. Mwishowe nikaandika kwa grupu kwamba kuna mtu anatuchezea na viti za shosho, na nikimpata atanijua. Mjomba akajibu kwamba shetani hapendi raha ya wazee.

Sasa, kulikuwa na harusi ya mtoto wa jirani mwingine hapa Lanet, na familia yote ilialikwa. Hema kubwa, viti za plastiki. Na kwetu viti za shughuli hushikwa. Ukifika mapema unaweka sweta yako kwa kiti ya mwenye bado anakuja, ama kitabu cha nyimbo, ama kitambaa, na hakuna mtu atakalia. Akikalia, ataongelewa mpaka Krismasi. Shosho alikuwa anatoka Kamere na anti, na walichelewa. Mimi nilikuwa nimemwekea sweta yangu mstari wa mbele. Mjomba, mwenye alikuwa ameshuka kutoka Olenguruone na koti lake zito la baridi ya huko, alikuwa ameweka koti kwa kiti ya pembeni penye kuna kivuli. Na anti alikuwa amepigia mama wa kupanga wageni simu, akawekewa kitambaa nyuma, karibu na mlango, ndio choo isiwe mbali. Kwa hivyo viti tatu zilikuwa zinangojea mwanamke mmoja, na ndugu za bwana harusi wamesimama kwa jua.

Shosho akafika, akaangalia sweta, akaangalia koti, akaangalia kitambaa. "Kwani niko na makalio ngapi?" akauliza.

Watu wakacheka. Akachagua ya kivuli, na mimi nikahamia karibu na mjomba. Simu yake ilikuwa kwa magoti, na nikaona rangi zenye nimeziangalia mpaka naziota. Ilikuwa ukurasa wa ndege, mwisho kabisa, pale pa kulipa, na saa ndogo kwa kona inahesabu kurudi nyuma.

"Mjomba, hii ni nini?"

"Nimemshikia mathe kiti," akasema, na alisema kwa fahari. Akanieleza polepole, kama mtu anaeleza siri ya shamba. Kila asubuhi akimaliza kukamua anaingia na ile paswadi, anaenda mpaka pale pa kulipa, anaacha hapo. Ikijifunga, anaanza tena. Halipi, kwa sababu hata kiti ya maili hudai ushuru, na kadi ni ya anti. Anashikilia tu, wageni wasichukue.

"Unashika ngapi?"

"Moja. Ya mathe. Dada yangu si ameshika yake?"

Anti alikuwa ameketi nyuma yetu, akainama. "Mimi naishika saa ya chai," akasema. "Ya mathe. Nilidhani yangu mnanitafutia nyinyi."

Bibi harusi alikuwa anakula kiapo, singeweza kupiga nduru. Nilikaa tu nikiangalia hiyo saa ndogo ikipungua, na kichwa yangu ikijipanga. Kiti ikifikishwa pale pa kulipa, inafichwa watu wengine kwa muda. Ndio maana ilikuwa inapotea baada ya kukamua, na inapotea saa ya chai, na inarudi. Hakukuwa na mwizi. Tulikuwa tumeenda kuweka sweta kwa ndege.

Nikawavuta nje, kando ya tangi la maji. Nikawaambia wafunge, wote wawili, tungoje, alafu nitafute kwa simu moja. Anti akafunga. Mjomba akakataa. Akasema kiti ukiiachilia kuna mtu anaikalia, hata mtoto anajua hiyo, na kama ni lazima aiachilie basi kwanza tuombe, ikiwezekana tumpigie pia kaka yao mkubwa. Nikamwambia hakuna mtu anapigiwa simu. Nikamwambia na maneno mengine mpaka mpiga kinanda akageuka kutuangalia. Ukweli ni kwamba sikuwa na uhakika. Inawezekana kulikuwa na mgeni kweli, huko mbali, anangojea tuteleze.

Shosho akatoka na mkongojo wake kuuliza ni nani anaharibu harusi ya watu. Tukamweleza, kila mtu akikatiza mwingine. Alisikiliza, kisha akamuuliza mjomba, "Hiyo kiti ya ndege yenye umeweka koti yako, mimi nitaikalia lini?"

Mjomba akaangalia simu yake.

"Toeni masweta," shosho akasema. "Nikalie mwenyewe."

Mjomba akafunga ukurasa. Tukangoja. Ndani ya hema waliimba wimbo mzima, wakarudia. Nikatafuta: hakuna hata moja. Mjomba akatoa pumzi kama mtu amemwona ng'ombe wake akivuka barabara. Anti akanishika mkono. Nikangoja tena, nikatafuta tena, na zikatokea. Mbili. Jumatano kabla ya Pasaka, kupitia nchi za Waarabu, na mbili zingine za kurudi. Nikamuuliza shosho kama ni sawa akikosa Pasaka kanisani kwao. Akasema Yesu atafufuka hata kama yeye hayuko. Anti akatoa kadi ya kulipia ushuru, nikaingiza majina, nikabonyeza.

Ujumbe ukaingia kwa simu ya anti. Akausoma kwa sauti, jina la shosho lote, mpaka lile la ubatizo lenye hatulitumii. Mjomba akauliza kama sasa anaruhusiwa kuomba. Tukamruhusu.

Viza ilikuwa vita ingine, na nilipigana nayo pia, lakini ilitoka. Wakaenda. Siku ya bustani nilifungua saiba sikufanya kazi, nilikuwa naangalia simu tu. Ikaja sauti ya shosho, na upepo mwingi ndani yake.

"Hakuna mtu amekufa," akasema. "Nimeuliza. Hawazikati hata. Wanalipa kuingia, wanapanga laini, wanaziangalia, wanaenda nyumbani. Nimeuliza ni za nani, anti yako anasema ni za kila mtu. Sasa kitu ya kila mtu, nani anaamka kuinyunyizia maji?"

Alafu ikaja picha. Shosho ameketi kwa benchi ndefu, nyuma yake ni nyekundu tupu, na pande zote watu wamesimama na kamera. Kando yake, kwa hiyo benchi, ameweka sweta yake. Anti ndiye alikuwa anapiga picha. Na hakuna Mzungu hata mmoja alikuwa ameikalia.

Nimeiangalia sana hiyo picha. Nataka kujua ni nani aliwaambia.