Waliokuja Kukimbia Wakasimama Konani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa bendera ya njano nikapangwa kona ya tatu. Uwanja wetu ulikuwa yadi ya zamani ya makontena huku Kurasini, umezungushiwa matairi, na mbio zilikuwa za gokati, vile vigari vya chini visivyo na paa wala milango. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, wazazi walipofariki, ili niwalee wadogo zangu.

Mkuu wa Mbio wa wakati ule aliniambia, "Binti, gari likikwama, pepea. Aliye nyuma halioni. Na usiondoke konani hata kona ya jirani ikiwaka moto."

Njano maana yake punguza mwendo, usimpite mtu. Miaka mingi kazi hiyo tuliifanya sisi vibarua. Tulipopungua, Mkuu mpya akatoa amri: kila dereva asimame konani mbio moja kabla ya kuendesha yake.

Madereva wenyewe walikuwa watu wa kujifurahisha Jumapili. Sele, dereva wa lori bandarini na mwenye kasi kuliko wote pale, alicheka mbele ya wenzake. "Mie nimekuja kukimbia, sio kupepea kitambaa kama mpambe wa bibi harusi."

"Basi leo harusi iko kona ya nne," Mkuu akamjibu. "Dada Mwanaidi atakuelekeza."

Nikamwambia asimtazame anayeongoza. Madereva wakishika bendera hukosea hapo: macho yanawafuata wa mbele, na hatari inatoka nyuma.

"Sawa, mama mkwe," akasema. Wakaangua kicheko.

Mdogo wangu wa mwisho, Shabani, fundi wa pale uwanjani, naye alikuwa anaendesha siku hiyo. Mzunguko wa pili kigari chake kiliserereka kona ya nne, kikazimika kimekingama njiani, nyuma ya ukuta wa matairi. Mie nilimwona kutoka kona yangu ya tatu. Waliokuwa nyuma yake hawakumwona. Miguu ilitaka kumkimbilia, lakini kundi lilikuwa linakuja kwangu kwanza, na ningeondoka hakuna ambaye angewaonya. Nikabaki, nikapepea.

Sele alisogea hadi ukingoni mwa lami, akageukia vigari vinavyokuja, akapepea kwa mikono miwili. "Taratibu! Kuna mtu!" Kimoja kilimpitia karibu mpaka suruali ikapeperuka. Hakurudi nyuma hata unyayo. Wote wakampita Shabani pembeni, mmoja mmoja, polepole kama watu wanaopita mlango wa mgonjwa.

Mbio ziliposimamishwa, Shabani akatoka mzima. Sele alikuwa bado anapepea.

"Wameisha, kaka," nikamwambia.

"Una uhakika, dada? Hebu angalia tena."

Amri ile haikubishiwa tena. Sasa nimestaafu, magoti yamegoma, na Jumapili nakaa jukwaani. Mbio zikiisha, washindi na walioshindwa huzunguka uwanja taratibu, na kila kona wanamwinulia mkono aliyesimama pale. Hilo hakuna mkuu aliyeliamuru. Mie huinuka kitini, na sikai mpaka wa mwisho apite.