Meno Tisa

Kompyuta yangu ilikufa Jumanne asubuhi nikiwa nimeshika sikio la baba yangu. Ilitoa harufu ya plastiki iliyoungua, skrini ikawa nyeusi, na ndiyo hiyo. Baba hakuwa amesikia lolote. Aliendelea kukaa wima kwenye kiti cha wagonjwa, kofia magotini, akingoja nimwambie nimemaliza. Ilibidi nimwandikie kwenye karatasi: Imeharibika.

Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. "Sasa Jumamosi nitamwuliza mdogo wako vipi?" akasema.

Kazi yangu ni masikio. Nina chumba kimoja cha kupanga Majengo, hapa Nyeri, karibu na msikiti, na ndani mna meza, viti viwili na kisanduku cha kijivu ambacho wageni hudhani ni redio mbovu. Mtu akija na mashine zake za masikio, ninaziunganisha na kisanduku hicho kwa nyaya nyembamba. Kisanduku nacho ninakiunganisha na kompyuta kwa waya mnene. Halafu kwenye skrini ninapandisha sauti hii, ninashusha ile, mpaka mtu asikie watu badala ya kusikia vyombo vikigongana. Waya huo mnene unaishia kwenye kichwa chenye mashimo tisa, kwa hiyo kompyuta ni lazima iwe na tundu lenye meno tisa ya kuingia humo. Basi. Wiki hiyo sikuwa na haja nyingine duniani ila meno tisa.

Masikio ya baba yalikuwa yameshuka tangu baridi ya Julai. Sauti za chini alizipata vizuri. Zilizopotea ni zile nyembamba, za wanawake na watoto, na mashine zake zilihitaji kurekebishwa zimfuate alikofika. Alikuwa anasikia ng'ombe akilia huko bondeni, hasikii binti yake akimwambia chakula kiko tayari.

Na Jumamosi hiyo ndipo wakwe walikuwa wanakuja na mahari ya mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Kwetu, maneno ya wageni yakiisha, baba wa msichana hushika pembe yenye kinywaji walicholeta, humwita binti yake mbele ya watu wote na kumwuliza: tunywe cha hawa watu? Msichana akisema kunyweni, kinanyweka. Akikataa, pembe inawekwa chini na wageni wanarudi kwao. Sisi ni watu wa kanisa, kwa hiyo kwenye pembe tunatia uji uliochacha, lakini swali ni lile lile. Baba aliniuliza mimi swali hilo miaka ishirini na kitu iliyopita, na nakumbuka alivyoinama kunisikiliza.

Baba mdogo, ndugu yake wa kumfuata, alikuwa ameshaleta suluhisho ambalo hakuna aliyemwomba. "Nitauliza mimi," alituambia nyumbani kwa baba, mkononi ana kikombe cha chai. "Huyu hata msichana akipiga nduru hatasikia. Tutamweleza baadaye."

Alisema hivyo baba akiwa ameketi pale pale, goti kwa goti naye. Tutamweleza baadaye! Ati kama ni matokeo ya mpira. Nilipandwa na hasira hadi nikatoka nje kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Jumatano nilifunga kisanduku changu kwenye leso nikapanda mjini, kwenye duka kubwa la kompyuta. Kijana wa pale alikuwa na adabu, siwezi kumsingizia, lakini hakuniacha nimalize sentensi. "Unataka RAM ngapi, mama?" Nikamwambia nataka tundu la meno tisa. Akacheka kidogo, vile mtu anacheka mtoto akisema kitu. "Mama, hiyo ni ya kitambo. Hawatengenezi tena. Chukua hii, ni slim, iko na RAM mingi." Sijui alitaka hiyo RAM niitie kwenye sikio la nani.

Alinionyesha laptopu nyembamba kama sahani. Ubavuni ilikuwa na vitundu viwili tu, vidogo hata ukucha hauingii. Ya meno tisa, akasema, tutatumia kadapta, na akatoa kamba fupi ya kuunganishia mambo ya kale na ya leo. Sikukataa, mimi si mkaidi. Nilifungua leso, tukaunganisha vitu vyote juu ya kaunta yake, programu yangu ikakubali kufunguka baada ya kubembelezwa, taa ya kisanduku ikawaka kijani. Nikatoa mashine za baba. Skrini ikaanza kuzisoma. Ikafika nusu, ikasema haioni kisanduku. Tukachomoa, tukachomeka, ikafika nusu tena. Mara tatu. Kadapta ya pili, nusu.

"Labda hicho kisanduku ndicho kimeharibika," akasema.

Hapo nilikivuta kisanduku upande wangu. Kisanduku hicho hakijawahi kuniangusha kazini hata siku moja. Kimewarudishia masikio walimu, mapadri, na mwanamke mmoja aliyekuwa hajamsikia mjukuu wake tangu azaliwe. Kilichoshindwa ni kamba yake mpya, iliyotoka kwenye karatasi dakika kumi zilizopita, lakini lawama ikaenda kwa kisanduku kizee. Siku hizi ndivyo ilivyo. Kipya kikishindwa kuelewana na cha zamani, cha zamani ndicho kibovu.

"Basi mnunulie mzee mashine mpya," akaendelea, "kuna zile zinaongea na simu." Mashine mpya zile ni bei ya ng'ombe wawili wa maziwa, na simu ya baba ni kabambe, ile ndogo ya vitufe na tochi. Nilifunga leso yangu. Asante, nikasema, na asante hiyo haikuwa na sukari.

Jioni nikapiga simu huku na kule mpaka nikampata mtu wa mji wa Kenol, huko Murang'a, anayeuza laptopu zilizotumika maofisini. Nilimwuliza polepole, nikitamka kila neno: "Iko na lile tundu la kitambo, la pini?"

"Iko, mama. Kuja tu."

"Una hakika?"

"Niko na uhakika! Kuja!"

Alhamisi nikaenda Kenol na kisanduku changu kwenye leso. Kutoka Nyeri mpaka Kenol si mlango wa pili. Akaniwekea mezani laptopu nzito, akaigeuza ubavu kwa fahari, na pale palikuwa na tundu la buluu. Nikainama. Nikaanza kuhesabu kwa kidole, kwa sauti, kama mwalimu wa chekechea, na wateja wake wakanyamaza kunisikiliza. Moja, mbili, tatu. Yalikuwa kumi na matano. Na hata hayakuwa meno, yalikuwa mashimo.

"Hii ni ya projekta," nikamwambia.

"Lakini si hiyo pia ni ya kitambo?"

Ninaapa hakuwa ananitania. Kwake vitu vyote vya zamani vilikuwa kitu kimoja, havina haja ya kuhesabiwa. Nikamwuliza kama mtu akimwomba mbuzi atampa punda, kwa kuwa wote wana miguu minne. Watu wakacheka, na yeye akacheka. Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa nimebakiwa na Ijumaa tu.

Nilirudi Majengo alasiri, na nilipokuwa nafungua kufuli ya chumba changu nilikuwa nazungumza peke yangu, tena kwa sauti. Kitambo, kitambo, kitambo! Mtu ana haja yake, unamwambia ni ya kitambo, kana kwamba haja nayo huisha muda kama dawa!

"Daktari, ni nani amekukosea?"

Alikuwa fundi wa malori aliye na gereji nyuma ya safu yetu ya vyumba, mtu aliyehamia hapa kutoka magharibi. Mimi si daktari, lakini ndivyo anavyoniita. Tumesalimiana miaka yote hiyo bila kuulizana habari za kazi. Nikamwaga yote pale mlangoni, kompyuta, Kenol, baba mdogo, pembe. Aliniacha nimalize, akifuta mikono kwa kitambaa. Halafu akauliza swali ambalo hakuna muuzaji hata mmoja aliyekuwa ameniuliza.

"Ni meno ama ni mashimo?"

"Meno."

"Ngapi?"

"Tisa."

"Juu tano, chini nne?"

Nilitamani kumkumbatia na mafuta yake yote. Akaingia gereji, akatoka na laptopu nene kama tofali, nembo imefutika, vitufe vyeusi kwa grisi. Nyuma yake, meno tisa, yamenyooka. Akanieleza kwamba malori ya zamani yana ubongo wake, kompyuta ndogo ya injini, na ubongo huo huongea kwa waya kama wangu. "Hizi nyembamba haziskizani nao kabisa. Mimi niko na mbili. Chukua hii. Mzee asikie kwanza, hayo mengine tutaongea."

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nilikuwa nimekwenda hadi Kenol kutafuta kitu kilichokuwa nyuma ya ukuta wangu. Nilijikasirikia hata mimi.

Ijumaa asubuhi nilifuta grisi kwa spiriti, nikaweka programu yangu kutoka kwenye sidii, nikamketisha baba. Skrini ikaanza kusoma mashine zake. Ilipofika nusu nilishika ukingo wa meza. Ikapita nusu, ikaenda hadi mwisho. Nilipandisha zile sauti nyembamba kidogo kidogo, kisha nikasimama nyuma yake, nikafunika mdomo, nikasema kwa sauti ya chini: chai. "Chai," akasema. Sufuria. "Sufuria." Nikaenda kufungua dirisha ili machozi yasionekane.

"Mama," akasema. Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Hilo dirisha linalia hivyo siku zote? Lipake mafuta."

Jumamosi wakwe walikuja, maneno yakasemwa, uji ukatiwa kwenye pembe. Baba mdogo akakohoa, akasimama, akanyoosha mkono aipokee. Baba akaipokea yeye. Baba mdogo akabaki na mkono hewani, akaketi kando yake taratibu.

Mdogo wangu akaitwa. Alisimama mbele yetu ameinamisha kichwa, leso ameivuta hadi puani, na baba akamwuliza: "Mwanangu, tunywe cha hawa watu?"

"Kunyweni, baba."

Ilikuwa sauti ndogo mno. Mimi niliyekuwa karibu niliipata kwa shida. Baba hakuinua pembe. Alikaa vile vile, kichwa ameinamisha upande. Wageni wakatazamana. Nikafikiria betri, nikafikiria ile skrini iliyofika mwisho, nikafikiria labda nimejidanganya. Halafu akauliza tena, maneno yale yale: "Mwanangu, tunywe cha hawa watu?"

Kabla hajajibiwa, baba mdogo akamwinamia, akampigia kelele sikioni: "AMESEMA MNYWE!"

Baba akashtuka, akaweka kiganja juu ya sikio.

"Nimesikia tangu mara ya kwanza," akasema. "Nyamaza, nataka aseme tena."