Kibao Shingoni mwa Nyambura

Harufu ya pareto inayokaushwa bado hunikaba koo. Ndiyo iliyojaa darasani kwetu, katika shule ya shamba la mzungu upande wa Njoro, miaka ile ya Hali ya Hatari, nilipokuwa darasa la nne. Mtihani wa kuingia shule ya kati ulikuwa umekaribia, na Kiingereza ndicho kilichotutoa jasho. Kwetu maji ni mengi, yanamwagika, yanajaa; mwalimu alitaka tuyataje kama kitu kimoja, pamoja na unga, mchanga na mvua. "Hata yajae Ziwa Nakuru lote, kwa Kiingereza maji ni moja!" alifoka. Aliyekosea alivishwa kibao cha mbao chenye kamba ya katani, akae nacho mpaka mwingine akosee, na aliyekutwa nacho kengele ya mwisho ikilia alichapwa. Nilikichukia kuliko viboko vyenyewe, maana kilinuka jasho la shingo zetu zote.

Nyambura, niliyeketi naye dawati moja, hakuwahi kukivaa. Alitaka kuwa mwalimu, na sote tulijua nafasi ya shule ya kati ni yake. Lakini tangu askari wamchukue baba yake, akili yake haikutulia. Asubuhi moja aliulizwa habari za maji ya mto, akateleza, akavishwa kibao. Hata hajaketi, lori likasimama nje. Wakikuyu wa shambani walikuwa wakirudishwa kwao, ingawa Nyambura alizaliwa papa hapa na huko kwao hakukujua. Sisi tuliotoka Kakamega hatukuguswa. Mama yake alikuwa tayari juu ya lori, akimwita kwa sauti iliyopasuka.

"Mwalimu, nitoe kibao?" Nyambura aliuliza.

Mwalimu alimtazama askari aliyesimama mlangoni, kisha akaugeukia ubao. Nyambura, mtiifu siku zote, akatoka nacho.

Kibao kingine hakikutengenezwa. Mtihani niliupita, nikaenda shule ya kati bila furaha. Leo wajukuu wangu huko Milimani wanaporomosha Kiingereza bila kutishwa na mtu, na hunicheka nikisita kabla ya kutaja maji kwa lugha hiyo. Wanadhani nyanya amesahau. Sijasahau. Huwa najiuliza kama huko alikofikishwa Nyambura alipata mtu wa kumvua kibao kile, au aliendelea kungoja ruhusa.